Kazi ya Mama Mkwe

Cheche hakuwa mvivu. Hili lisemwe mapema, maana mtu akikaa muda mrefu bila kazi, hata waliomwona akitoka jasho jana husahau. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Jina la Cheche alilipata karakanani, kwa vile shati lake halikukosa matundu ya moto, na kwa vile yeye mwenyewe alikuwa mwepesi wa kuwaka na mwepesi wa kuzimika. Mageti, madirisha, vitanda, ngazi za chuma, vyote vilipita mikononi mwake. Kisha mwenye karakana akauza kiwanja, mashine zikapakiwa kwenye lori, na Cheche akarudi nyumbani na miwani yake ya kazi shingoni, kama mtu aliyefukuzwa harusini kabla ya chakula.

Nyumbani kulikuwa na mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, na pacha wenyewe, wasichana wawili wenye umri wa kuvunja vikombe. Mama Pacha alishona sare za shule sebuleni, na cherehani yake ndiyo iliyoiendesha nyumba. Cheche alipika, akafua, akawaogesha watoto, akaziba paa lilipovuja. Hakuona haya kuyafanya hayo. Lililomtafuna ni kwamba kila jioni mkewe alipojinyoosha na kujikanda kiuno, hakumwambia neno la lawama. Angemsema, pengine angepumua.

Juu ya hayo yote, mama mkwe naye akagoma.

Mama mkwe wake alikuwa mwendesha pasi katika kiwanda cha kufua nguo za hoteli na hospitali. Mtu asidhani ni pasi ya mkono. Ilikuwa mashine ya roli mbili nene za chuma, ndefu kuliko kitanda, zinazochemshwa kwa mvuke. Shuka linaingia upande huu limekunjamana kama uso wa mgonjwa, linatokea upande wa pili limenyooka kama karatasi. Kwenye mdomo wa mashine hiyo kulikuwa na kinga: bomba jembamba ambalo mkono ukiligusa tu, roli husimama. Uongozi uliliondoa, eti linachelewesha kazi. Wafanyakazi walipolalamika, wakaambiwa wachunge vidole vyao. Haukupita muda, mmoja wao akaungua kuanzia kiganja hadi kiwiko. Wakaomba kikao, wakapigwa danadana. Chama chao kikapita kila mlango ambao sheria inautaka, notisi ikatolewa, muda wake ukaisha, na asubuhi moja wakavua aproni, wakatoka nje, wakakaa mbele ya geti.

"Familia yetu imekamilika sasa," Cheche alimtania mkewe. "Mmoja amegomea kazi, mwingine amegomewa na kazi."

Mama Pacha alicheka hadi uzi ukakatika kwenye cherehani. "Usimwambie mama hivyo. Atakuandikisha chama."

Hakukuwa na hatari hiyo. Cheche na mama mkwe waliheshimiana ile heshima ya kupishana mlangoni kwa kuangalia sakafu. Yeye alimwita mama, naye mama alimwita baba. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, wakasifia mvua au wakailaani, basi. Alichokifikiria mama yule juu ya mkwe asiye na kazi, Cheche hakukijua, na hakuwa na haraka ya kukijua.

Siku moja alikuwa anaanika nguo za watoto uani alipopitiwa na Bwana Fursa.

Bwana Fursa alikuwa wakala wa vibarua. Kofia yake haikuwahi kuonekana na vumbi, na simu yake haikuwahi kunyamaza. Akitaka kumwajiri mtu, hakusema ana kazi. Alisema ana fursa.

"Fundi, na wewe ndiyo umekuwa dobi?" alisema, akiegemea ukuta. "Mikono kama hiyo ya kuanikia nepi?"

"Hakuna anayevaa nepi hapa, wameshakua. Una nini leo?"

"Nina kiwanda. Wanataka watu wenye nguvu na akili, waanze kesho. Wakikupenda, unabaki."

"Kiwanda cha nini?"

"Cha vitambaa. Nje ya mji kidogo. Gari linawachukua, linawarudisha."

Cheche alibana kibanio kwenye kamba. Si kwamba alikuwa na shaka, ila nyumba yenye mgomo humfundisha mtu kuuliza. "Huko hakuna mgomo? Nakuuliza mapema. Mama mkwe wangu amegoma, sitaki kwenda kukanyaga vidole vya watu."

Bwana Fursa alicheka hadi akaivua kofia. "Mgomo! Huko watu hata kunung'unika hawajui. Fundi, mkono mtupu haulambwi. Unakuja au niwape wengine?"

Jioni ile Cheche alimwambia mkewe amepata kibarua. Mama Pacha hakupiga vigelegele. Aliinuka tu, akamtafutia shati lisilo na tundu, akalipiga pasi taratibu kwenye meza ya kushonea, na Cheche akaona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani. Usiku ule mkewe alilala fofofo.

Asubuhi waliingia kwenye basi dogo lenye mapazia mazito ya buluu. Watu walikuwa wamejaa na wachangamfu. Kila mmoja alikuwa na mfuko wenye chakula cha mchana. Pembeni ya Cheche alikaa mama mmoja wa makamo aliyefunga kilemba cha njano, mwenye mvi zinazochungulia pembeni, aliyemkaribisha ndizi kabla hata hawajasalimiana vizuri. Alisema amewahi kulima, kuuza samaki, kulea watoto wa watu, na sasa angejaribu vitambaa.

"Vitambaa si samaki," alisema. "Angalau havinuki."

Bwana Fursa alikaa mbele karibu na dereva. "Mapazia yabaki yamefungwa jamani," alitangaza. "Jua kali."

Jua lenyewe lilikuwa halijapanda. Basi likaenda, likakunja, likakunja tena. Cheche alikuwa mtu wa mji ule tangu kuzaliwa, na hata akiwa nyuma ya pazia alijua kwamba hawajatoka nje ya mji. Walikuwa wanauzunguka, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alijisemea labda dereva anapakia wengine. Hakupakia yeyote.

Kisha akasikia harufu. Ilikuwa ya sabuni kali iliyochanganyika na mvuke na pamba ya moto. Pua yake iliitambua kabla ya akili yake. Ilikuwa harufu ya mama mkwe. Kila alipokuja kuwaona wajukuu akitokea kazini, harufu hiyo ilitangulia mlangoni, na pacha waliifuata mbio wakiita, "Bibi! Bibi!"

Basi likapunguza mwendo. Nje watu walikuwa wanaimba. Cheche akalivuta pazia kwa kidole kimoja, akachungulia kwa jicho moja.

Geti lilikuwa lile lile alilolipita mara nyingi akiwa na baiskeli. Mbele yake wamejipanga wafanyakazi, wanaume kwa wanawake, mabango mkononi. Na mstari wa mbele kabisa, juu ya kreti la soda lililogeuzwa, alikaa mama mkwe wake na sindano, akirekebisha pindo la gauni la mmoja wa pacha.

Cheche alishuka chini ya kiti. Hata hakukumbuka kuamua. Magoti yalikwenda yenyewe, na mwili mzima wa fundi chuma ukajikunja mahali ambapo hata begi lingelalamika.

Mama wa kilemba cha njano akainama. "Mwanangu, umepoteza nini huko chini?"

"Heshima yangu," Cheche alinong'ona.

"Ilikuwa kubwa kiasi gani?"

"Mama, tafadhali. Yule wa mbele pale, aliyeshika sindano, ni mkwe wangu. Hawa wamegoma. Tumeletwa kushika kazi zao."

Mama wa kilemba akalivuta pazia naye, akatazama kwa muda mrefu, akalirudisha. Habari ikatembea kiti kwa kiti kama moto kwenye nyasi kavu. Wengine walishtuka. Wengine waliangalia miguu yao. Kijana mmoja mwembamba wa siti ya nyuma alisema kwa uchungu, "Basi tuingie tu. Watoto wangu hawali mgomo wa mtu." Na Cheche, pale chini, hakuweza kumlaumu, maana alikuwa na watoto wawili, na aliyekuwa anawalisha ni cherehani.

Waliogoma hawakurusha jiwe. Walisimama tu mbele ya gari, wakashikana mikono, wakaendelea kuimba. Dereva akapiga honi. Meneja akatokea ndani, tai imekaa upande, akafungua geti nusu na kuwaamuru wapishe. Hapo ndipo pikipiki ilipofika, na aliyeshuka akavua helmeti. Alikuwa dada mfupi mwenye viatu vya chini na kitambulisho kifuani: afisa kazi wa eneo lile. Katibu wa chama alikuwa amempigia simu tangu basi lilipoonekana barabara ya juu.

Dirisha la Cheche lilikuwa wazi kidogo, kwa hiyo maneno yaliingia yote.

"Meneja, mgomo huu ni halali, na ofisi yangu inalijua hilo," afisa alisema. "Sheria inakukataza kuajiri watu wapya wa kushika nafasi za hawa mpaka mgogoro uishe. Inamkataza na wakala kuwaleta. Hawa ni nani?"

"Hawa? Hawa ni wanafunzi," meneja alijibu bila kupepesa. "Wamekuja kwa mafunzo. Sheria haijakataza kufundisha."

"Wanafunzi."

"Ndiyo. Wa mafunzo ya vitendo."

Afisa akaingia kwenye basi. Akapitisha macho kutoka siti ya mbele hadi ya nyuma, yakatua kwenye mvi za mama wa kilemba cha njano. "Shikamoo, mwanafunzi," alisema.

"Marahaba," mama akajibu, na basi zima likacheka, halafu likaogopa kwamba limecheka.

Afisa akawaeleza bila kupandisha sauti. Akisema mwajiri kwamba ni wanafunzi, na wao wakanyamaza, yeye hana cha kushika. Gari litaingia, mashine zitawashwa, na kesi itaanza kuzunguka huku na kule wakati mgomo umeshavunjika. Lakini akipata hata mmoja wa kusema aliambiwa nini na aliletwa kwa ajili gani, gari litageuzwa sasa hivi. "Na aliyeletwa bila kuambiwa ukweli hana kosa lolote," aliongeza. "Nataka mlisikie hilo vizuri. Hana kosa."

Bwana Fursa alikuwa amesimama kwenye ngazi za mlango. Aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alielewa kwamba fursa nyingine hataiona.

Cheche alijikausha chini ya kiti. Alijipa sababu zote. Atasema mwingine. Mama wa kilemba atasema. Akisimama yeye, mama mkwe atamwona, na habari itafika nyumbani kabla yake: mumeo amekuja kuninyang'anya mashine. Atamwangaliaje mkewe? Akibaki chini, gari likaingia, hakuna atakayejua. Atafanya kazi siku moja, kesho atasema tumbo linauma. Lakini atafanya kazi kwenye mashine ipi? Akamwona akilini mama mkwe pale kwenye kreti akishona pindo la gauni la mjukuu, na yeye Cheche ndani amesimama mbele ya roli zisizo na kinga, mahali alipozoea kusimama mama huyo.

"Na wewe kaka hapo chini," afisa akasema, "unatengeneza kiti au unaumwa?"

Cheche alipiga moyo konde, akasimama. Akasimama vibaya, kichwa kikagonga rafu ya mizigo, na kwa kujishika akalikamata pazia, likakatika lote na waya wake. Mwanga ukajaa. Na pale dirishani, kweupe, watu wote nje wakamwona mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi, uso umemwiva.

Hakutazama nje. Alijua angetazama angekaa tena.

"Mimi si mwanafunzi," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mimi ni fundi wa kuchomelea. Huyu hapa mlangoni alinikuta kwangu akanipa kazi. Akasema ni kiwanda cha vitambaa, nje ya mji. Nikamuuliza kwa mdomo wangu kama kuna mgomo. Akasema hakuna. Ningejua ni hapa nisingepanda gari hili, hata kama kwangu pangekuwa panalala njaa."

"Fundi!" Bwana Fursa akafoka. "Usinichafulie jina!"

"Jina ulilichafua mwenyewe ulipofunga mapazia."

Mama wa kilemba cha njano akainuka naye, mfuko wa ndizi mkononi. "Mimi niliambiwa vitambaa. Mafunzo sijayasikia mpaka sasa hivi, na kwa umri huu ningeyakumbuka." Akasema mwingine, na mwingine. Mwisho kabisa alisimama yule kijana mwembamba wa nyuma. Alichelewa, na haikuwa rahisi kwake, ikaonekana usoni. "Mimi nilijua," alisema. "Aliniambia ukweli, akaniambia nisiwaambie wenzangu. Sina kazi tangu mwaka juzi, dada. Lakini nilijua."

Afisa alimtazama kwa upole. "Asante kwa kusema," alijibu. "Kaa chini, baba. Ninayemtafuta si wewe."

Mambo yakaenda haraka baada ya hapo. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bwana Fursa ilikuwa imefika ukutani. Afisa alimtaka yeye na meneja wafike ofisini kwake siku hiyo hiyo, akaagiza kila aliyeletwa alipwe ujira wa siku kama alivyoahidiwa, na gari liwarudishe kwao. Meneja akageuka akaingia ndani, geti likafungwa nyuma yake. Nje watu hawakushangilia. Walishusha pumzi wote kwa pamoja, kama mtu mmoja mkubwa anayekaa chini baada ya safari. Wengine walikwenda dirishani wakawapa mkono watu wa basini.

Cheche alitazama sasa. Mama mkwe alikuwa bado kwenye kreti. Alikuwa ameinamia gauni, anavuta uzi, uso hauonekani.

Safari ya kurudi ilikuwa mbaya kuliko ya kwenda. Mama wa kilemba alimwuliza anafanya chuma gani hasa, na Cheche akajibu bila kusikia anachojibu, akamtajia hadi namba ya simu yake, akili iko kwingine. Aliposhuka kona ya mtaa wao alikwenda moja kwa moja kwa mkewe, akavuta kigoda karibu na cherehani, akamwambia kila kitu. Hakuficha hata kiti.

Mama Pacha aliondoa mguu kwenye pedali. "Mama alikuona?"

"Mji mzima uliniona. Nilichana pazia."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alikuwa anashona."

Mkewe akauma mdomo. Alimjua mama yake. Mama akikasirika sana hushona. Akamwekea mkono mumewe mgongoni na kuuacha hapo. Wakakaa hivyo kama watu wanaosubiri majibu ya daktari.

Alasiri harufu ya sabuni haikutangulia, maana mgomoni hakuna sabuni. Iliyotangulia ni hodi. Mama mkwe aliingia, akawakumbatia pacha, akampa kila mmoja kipande cha muwa, akawatuma nje wakautafune huko. Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya katika nyumba ile. Akavuta kiti, akakiweka mbele ya mkwewe, akakaa, akamtazama usoni.

"Baba," alisema, "nina maneno."

Cheche aliangalia sakafu. Sakafu haikumsaidia.

"Nilikuwa msichana nilipoanza pale," mama alisema. "Tuliwahi kugoma, zamani hizo, kabla ya sheria hii. Tulikaa nje ya geti lile lile. Siku moja yakaja malori yamejaa watu, yakaingia, na sisi tunatazama. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuyazuia. Ndani ya lori moja alikuwamo mdogo wake rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Kijana mdogo, hana kosa, ameambiwa kuna kazi. Wakamsimamisha kwenye mashine yangu bila kumwonyesha chochote. Hakumaliza wiki. Vidole vya mkono wa kulia..." Akasugua kiganja chake. "Na sisi wengine tukarudi kazini tumeinamisha vichwa, na wengine hawakurudi kabisa. Rafiki yangu akasema mdogo wake ameumia kwa sababu yetu. Mimi nikasema tumeshindwa kwa sababu ya mdogo wake. Hatukusemezana tena. Alipofariki nilisikia kwa watu."

Mama Pacha hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo. Alisogea, akakaa miguuni pa mama yake.

"Watu wanadhani sheria hii inatulinda sisi tulioko nje ya geti," mama aliendelea. "Inamlinda na aliyeko ndani ya basi. Mimi leo nilipoona pazia linaanguka, na nyuma yake kichwa chako, nilisema moyoni: Mungu wangu, yamerudi, na safari hii ni nyumbani kwangu. Nikainama nisione. Halafu nikakusikia unasema. Nilikusikia neno kwa neno, baba. Nikashindwa kunyanyua uso kwa sababu nilikuwa nalia, na mimi ni mjumbe wa kamati ya mgomo. Siwezi kulia mbele ya meneja."

Cheche alisikia kitu kikiachia kifuani, kama nati iliyokazwa kupita kiasi inapokubali spana. Alitaka kusema asante, au samahani, au yote mawili. Yakagongana mlangoni.

"Nisamehe, mama," mwishowe alisema. "Nilipaswa kuulizia zaidi."

"Uliuliza. Ukadanganywa. Lakini jambo moja sijalielewa." Mdomo wa mama ulianza kucheza. "Kwa nini afisa anasema alikukuta chini ya kiti?"

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

Mama mkwe alicheka. Alicheka hadi akashika ubavu, hadi khanga ikamwanguka begani, hadi pacha wakarudi mbio na miwa yao kuona bibi amepatwa na nini. Mama Pacha naye akashikwa, na Cheche, aliyekuwa amejiandaa kwa kila aina ya adhabu isipokuwa hiyo, akajikuta anacheka na machozi yanamtoka, na hakujisumbua kuyafuta.

Kiwanda hakikupata watu wengine. Mawakala waliokuwa na hamu ya kujaribu walisikia yaliyompata Bwana Fursa, aliyetozwa faini na kunyang'anywa leseni, wakajifanya wana shughuli. Mashuka machafu yakarundikana. Hoteli zikapiga simu, hospitali ikapiga simu kwa sauti kali zaidi, na meneja, ambaye wiki zote alikuwa hana nafasi, akapata nafasi. Wakakaa mezani yeye, katibu wa chama na mama mkwe, pamoja na yule dada wa viatu vya chini. Kinga ikarudishwa kwenye kila mashine, aliyeungua akaahidiwa matibabu na mshahara wake, na hakuna aliyefukuzwa. Hawakupata kila walichodai. Zamu ndefu zilibaki za kujadiliwa. Lakini walirudi ndani kwa miguu yao na vichwa vimenyooka.

Cheche naye hakukaa sana. Yule mama wa kilemba cha njano alikuwa na kaka yake anayejenga minara ya kuwekea matangi ya maji. Kaka huyo alikuwa ameshaibiwa vyuma na mafundi watatu, akawa hamwamini mtu. Dada yake alimwambia, "Nimemwona fundi mmoja. Ana aibu kidogo, lakini mbele ya tajiri hasemi uongo." Simu ikaja Cheche akiwa anakoroga uji. Alifanya kazi ya kwanza, akapewa ya pili, na alipoambiwa anahitaji msaidizi, alimtafuta yule kijana mwembamba wa siti ya nyuma. Ilimchukua muda kumpata, na muda zaidi kumshawishi kwamba hatanii.

Siku ya kwanza wagomaji waliporudi kiwandani, mama mkwe alimaliza zamu akapitia kwa bintiye. Cheche alikuwa ametoka mnarani, anakarabati bawaba ya mlango. Safari hii harufu ya sabuni na mvuke ilitangulia, na pacha wakaifuata mbio. Mama akaingia, akasema amechoka kidogo, atakaa tu dakika mbili. Akajilaza kwenye kochi la sebuleni, viatu mguuni, mkoba kifuani, mbele ya mkwewe bila wasiwasi wowote, na kabla Mama Pacha hajamaliza kumuuliza kama atakunywa chai, alikuwa anakoroma.

Pacha walitaka kumwamsha. Cheche akaweka nyundo chini, akawaonyesha kidole mdomoni, akamvua mama yule viatu kimoja kimoja, taratibu, akavipanga chini ya kochi.